Kijiti Kilichoangushwa Njiani

Msomaji wetu atastaajabu. Wiki hii, badala ya kuzungumza juu ya Bunge au bei ya mazao, tunazungumza juu ya kijiti. Hatuna maana ya fimbo ya kuchungia ng'ombe, wala bakora ya mzee. Tuna maana ya kile kijiti kidogo ambacho msokotaji wa uzi huzungushia pamba yake iliyochambuliwa, ili mkono mmoja upate kuvuta na mkono wa pili upate kuzungusha pia. Ni chombo ambacho hata mtoto wa shule aweza kukichonga kwa kisu. Lakini twasema kwa yakini kwamba ndani ya kijiti hicho imo habari kubwa ya umaskini wetu, na vilevile imo dawa yake mojawapo.

Twendeni Tabora. Katika wilaya za Igunga na Nzega mkulima hulima pamba. Hupanda, hupalilia, hupiga dawa ya wadudu, huchuma kwa mikono yake na mikono ya jamaa zake. Kisha huifunga, huipeleka kwenye chama cha msingi, hupimiwa, hulipwa, na pamba huenda zake. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje kabla haijasokotwa hata uzi mmoja. Siku ya gulio mkulima yule yule huinama juu ya rundo la mitumba, akipekua shati la kumvika mwanawe. Shati hilo ni la pamba. Limevaliwa na mtu asiyemjua, likachakaa, likatupwa, likavushwa bahari, naye analilipia kwa fedha aliyoipata kwa kuuza pamba. Wazee walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Je, nguo iliyotupwa na mwenyewe itatusitiri vipi?

Wako watu wanaodhani kwamba hali hii ndiyo ya asili, ati Mwafrika wa bara hakujua nguo mpaka alipoletewa na mgeni. Huo ni uongo, na wageni wenyewe ndio mashahidi. Richard Burton na John Speke walifika Tabora, ambayo wao waliiita Kazeh, mwezi wa Novemba mwaka 1857. Burton aliandika juu ya pamba ya Unyamwezi na juu ya kitambo cha kufumia nguo alichokiona huko. Wazee wetu walikuwa na nguo za magome ya miti ya miyombo, na walikuwa na nguo za pamba waliyoilima wenyewe, wakaisokota wenyewe, wakaifuma wenyewe. Kusini na magharibi ya Unyamwezi, nchi ya Ufipa ilisifika kwa wafumaji wake, na kazi yao ilidumu hata wakoloni walipokwisha kuingia.

Kazi yenyewe ilikwendaje? Pamba huchambuliwa kwanza, mbegu zitoke. Hupigwa kwa uta au kwa fito nyembamba mpaka iwe laini kama povu. Hukunjwa kuwa tambi ndefu zisizokazwa. Kisha ndipo huja kazi ya kusokota, yaani kuvuta nyuzi chache chache na kuzipinda kwa pia, kile kijiti chenye kisahani cha uzito chini yake. Baada ya hapo uzi hutandazwa kwenye kitambo, na mfumaji huanza kufuma.

Katika mlolongo huo wote, mahali pembamba ni pale pa kusokota. Mfumaji mmoja aliye hodari aweza kumaliza uzi wa wasokotaji kadhaa. Siku nyingi za mkono wa msokotaji huingia katika shuka moja. Kwa hiyo kila chombo kinachompunguzia msokotaji taabu, hata kikiwa ni kijiti tu cha kumshikia pamba isianguke mavumbini na isifungamane, ni chombo kinachopunguza bei ya nguo ya nchi nzima. Msomaji alishike neno hili, maana ndilo tunalolijenga.

Sasa tuitazame ile njia ya misafara. Ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji ziwani. Hata leo miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji hutukumbusha waliopita. Meno ya tembo na watumwa waliteremka pwani. Nguo, shanga na bunduki zikapanda bara. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani kwa mkono wa Edmund Roberts, na merikebu za mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts zikaleta kitambaa kigumu kisichopaushwa. Watu wakakiita merikani, jina lililobaki mpaka leo katika lugha yetu. Pamoja nacho ilikuja kaniki, nguo nyeusi ya buluu kutoka Bara Hindi.

Merikani haikuwa nguo tu. Ilikuwa fedha. Posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa nguo, na hongo ya mtemi ilihesabiwa kwa nguo. Watu walipima kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Wamarekani, ya mwaka 1861 mpaka 1865, ilipandisha bei ya pamba yao, na viwanda vya Bombay vikaikamata biashara hiyo polepole. Jina la merikani likabaki, ingawa nguo yenyewe sasa ilitoka Bara Hindi. Bara Hindi kwa upande wake ilikuwa imekwisha kuumizwa na viwanda vya Lancashire. Ndivyo biashara ya namna hii ilivyo: anayeumizwa leo, kesho hutafutiwa mwenziwe wa kumwumiza.

Basi wazee wetu waliitupa pia kwa sababu walikuwa wajinga? Hapana. Tusiwatukane wazee wetu. Mnyamwezi alikuwa mpagazi mashuhuri, na akili ya hesabu alikuwa nayo. Aliona kwamba akikaa nyumbani kusokota, siku nyingi zitapita kabla hajapata shuka moja. Akijitwika mzigo wa pembe mpaka pwani, atarudi na doti kadhaa. Alichagua lenye faida siku ile, kama ambavyo mtu yeyote angechagua. Hasara haikuonekana siku ile. Ilionekana baadaye, wajukuu walipotaka nguo nao hawana pembe, hawana uzi, wala hawana tena mtu wa kuwafundisha.

Hapa ndipo penye fundisho. Chombo hukua kinapotumiwa. Kikiwekwa chini, hubaki kama kilivyo, na mwenye nacho hubaki nyuma. Uingereza kadhalika ilikuwa nchi ya kijiti na pia. Wanawake wao walikuwa na kijiti kirefu cha kushikia kitani na sufi, wakikichomeka kwenye mkanda au kukibana kwapani, hata katika lugha yao ukoo wa upande wa mama ukaitwa kwa jina la kijiti hicho. Lakini wao hawakukiweka chini. James Hargreaves, ambaye katika miaka ya 1760 alibuni mashine ya kuzungusha pia nyingi kwa pamoja, alikuwa mfumaji wa mkono. Samuel Crompton, aliyekamilisha mashine yake mwaka 1779, alisokota uzi nyumbani kwao tangu utoto wake. Mashine zile hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilizaliwa na watu waliokuwa na uzi vidoleni mwao, wakijua unakatikia wapi na kwa nini. Nasi, siku tuliyoangusha kijiti chetu njiani kati ya Tabora na Bagamoyo, hatukupoteza kijiti peke yake. Tulipoteza na gurudumu ambalo mjukuu wa mwenye kijiti angelibuni.

Kwamba ujuzi huo ungeweza kufufuka, ilikwisha kuonekana hapa hapa petu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Nguo za madukani zikaadimika. Jenerali Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, ameandika katika kumbukumbu zake jinsi kusokota na kufuma kwa mikono kulivyofufuliwa kwenye misheni na mashambani, ili watu wapate cha kuvaa. Tabora ikawa makao ya serikali yao, na mwaka 1916, katika karakana ya reli iliyofika mjini mwaka 1912, wakapiga hata sarafu za dhahabu. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Vita ikaisha, meli zikarudi, nguo zikarudi, na vyombo vikawekwa tena chini. Kumbe yule aliyetufundisha kwamba kazi zetu za mikono ni za kishenzi, alipobanwa na shida alizikimbilia! Tusingoje vita nyingine itufundishe.

Tutazame na wenzetu. Bara Hindi, chini ya Mahatma Gandhi, iliuinua uzi wa mkono ukawa silaha ya uhuru. Mwaka 1924 chama cha Congress kilikubali kwamba mwanachama atoe yadi 2,000 za uzi wa mkono kila mwezi badala ya ada ya fedha. Mwaka 1925 sharti hilo lililegezwa, maana si kila mwanachama aliliweza, lakini mwaka huo huo kikaundwa Chama cha Wasokotaji wa Bara Hindi yote. Mwaka 1929 ikatangazwa zawadi ya rupia 100,000 kwa fundi atakayeunda gurudumu la kusokotea lililo bora zaidi. Msomaji aone: Gandhi hakusema chombo cha babu kibaki kama kilivyo. Alisema kazi irudi mikononi mwa watu, kisha mafundi wakiendeleze chombo. Jirani zetu wa Ethiopia nao hawakuiacha kazi hii kabisa. Mpaka leo wako akina mama wanaosokota pamba kwa pia, na shema lao jeupe huvaliwa kwa heshima kanisani na harusini.

Sasa atasimama mtu aseme: "Mhariri anataka turudi nyuma. Wenzetu wana viwanda, yeye anatupa kijiti." Tumjibu kwa adabu. Hatusemi kwamba kijiti kitalivisha taifa. Hakitaweza, na anayesema kitaweza anawadanganya wanachama. Viwanda twavihitaji, na tulivijenga. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata. Lakini katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vingi vya nguo vya umma vilidhoofika, na baadhi vikafungwa. Sababu zilikuwa nyingi: umeme, vipuri, fedha za kigeni, usimamizi, nguo za bei rahisi kutoka nje. Mojawapo, tusiogope kuisema, ni kwamba mashine ililetwa pamoja na ujuzi wake kutoka nje, na kijiji kilicholima pamba hakikujua lolote juu ya uzi. Kiwanda kilikuwa kama mti uliopandwa bila mizizi.

Watu wa Urambo wanalo fundisho lao karibu zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango mkubwa wa karanga huko, kama walivyofanya Kongwa na Nachingwea. Matrekta yakanguruma, fedha zikamwagwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ukubwa wa chombo haukuwaokoa, kwa sababu waliouandaa hawakuujua udongo. Aliye na mashine kubwa bila ujuzi wa mkono ni mgeni wa mashine yake mwenyewe. Ikisimama, naye husimama.

Atasimama wa pili aseme: "Basi serikali ipige marufuku mitumba, yaishe." Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole mpaka mwaka 2019. Marekani ikatishia kuwafungia mlango wa soko lake. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru. Hatuwalaumu viongozi kwa kuogopa. Twasema tu kwamba mtu asiye na uzi wake hana nguvu ya kukataa nguo ya mwenziwe. Kwanza uzi, kisha ndipo maneno makali.

Kwa kuwa hatupendi kuhubiri bila kuonyesha kazi, tutaeleza jinsi kijiti kinavyotengenezwa. Chagua tawi kavu lililonyooka, jepesi, lisilo na utomvu. Mkole wafaa, na mwanzi wafaa. Likiwa na panda ndogo juu, kama manati, ni bora zaidi, maana pamba hukaa penye panda bila kuteleza. Kijiti cha kushikwa mkononi kiwe na urefu wa shibiri moja na nusu. Cha kuchomeka kiunoni kiwe mkono mmoja mzima. Menya gome lote. Kwaruza kwa kipande cha chupa, kisha sugua kwa jani la msasa, yule msasa wa porini ambao karatasi ya dukani iliazima jina lake. Pitisha pamba kidogo juu yake. Ikinasa mahali, sugua tena pale. Usikipake mafuta, maana pamba hunywa mafuta na uzi hutoka na doa. Chora mifuo miwili mitatu isiyo na kina, pamba ipate pa kushika. Izungushie polepole bila kukaza, kwa sababu nyuzi za pamba yetu ni fupi, yapata inchi moja na kidogo, na zikikazwa hukatika badala ya kufuatana.

Kwa pia, tumia kijiti chembamba zaidi, na chini yake tia kisahani cha kipande cha kibuyu, au cha udongo uliochomwa, au cha ubao. Kisahani kiwe chepesi, maana pamba haipendi uzito. Tundu liwe katikati kabisa. Likienda upande, pia itayumba na uzi utakuwa mnene hapa, mwembamba pale. Juu kata kijino cha kukamata uzi. Gharama yake yote ni kisu, jani na asubuhi moja. Hakuna anayeweza kusema amekosa mtaji.

Baada ya maneno, kazi. Twapendekeza mambo manne kwa matawi yetu ya Tabora, na kwa kila tawi la mahali penye pamba.

Kwanza, matawi yawatafute wazee waliowaona babu na bibi zao wakisokota au kufuma, yaandike majina ya vyombo kwa Kinyamwezi, kwa Kisukuma na kwa Kifipa, na namna vilivyotumiwa. Kazi hii haingoji bajeti. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa ni maktaba iliyochomwa.

Pili, kila mkulima wa pamba aliye mwanachama abakize kilo moja tu ya mavuno yake nyumbani. Kilo moja haitamfilisi mtu. Itatosha watu wa nyumba yake kujifunza, kuharibu, na kujifunza tena.

Tatu, mafundi seremala na vijana wa vyuo vya ufundi wapewe mashindano: nani atachonga kijiti na pia bora, na nani atavuka hapo aunde gurudumu la mguu kwa mbao na kwa vyuma vya baiskeli mbovu. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu mwaka 1973 kwa kazi za namna hii. Tuligongee mlango.

Nne, nyumba ya makumbusho iliyoko Kwihara, karibu na Tabora, huwaonyesha wageni mahali alipokaa Livingstone. Ni vema. Lakini mtoto wa Tabora akiingia humo yafaa aone vilevile pia na kitambo cha babu yake, apate kujua kwamba njia ile haikupitisha wageni tu.

Hatuwaahidi wanachama utajiri. Mwaka wa kwanza uzi utakuwa na mafundo, na jirani watacheka. Anayesokota kwa mkono hawezi kushindana kwa bei na rundo la mitumba, wala asidanganywe kwamba ataweza. Awauzie wanaotaka nguo ya mkono na walio tayari kuilipia, na asikome hapo. Faida iliyo kubwa ni watu elfu, kisha watu elfu kumi, watakaojua kwa vidole vyao pamba ni kitu gani, ipi ni ndefu na ipi ni fupi, ipi imechafuliwa na ipi ni safi. Mkulima wa namna hiyo akisimama mbele ya mnunuzi hatadanganywa kirahisi juu ya daraja la pamba yake. Na fundi wa namna hiyo akipewa mashine, hataiogopa, ataifungua.

Mpagazi wa Unyamwezi alibeba mizigo ya watu wengine karne nzima. Alikuwa hodari, na njia ile aliijenga kwa nyayo zake. Lakini kila alipofika pwani alitua mzigo, akapokea kipande cha nguo, akarudi, na thamani yote ikabaki kwa mwenye merikebu. Mkulima wa pamba wa leo anafanya safari ile ile, ingawa mzigo wake unakwenda kwa lori. Safari hiyo haitabadilika kwa hotuba peke yake.

Ndugu mwanachama, ukimaliza kusoma gazeti hili, toka nje. Tazama mti ulio karibu nawe, na ukate tawi moja lililonyooka.